Kulabu ya Baba Bonge

Siku Fundi alipomaliza kutundika kulabu yake mlangoni mwa ghala la ofisi, alirudi nyumbani anapiga mluzi, na mpangaji akipiga mluzi mwisho wa mwezi, ujue kuna jambo. Alimnyanyua mtoto wao, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge kwa sababu ya mashavu, akamrusha juu akamdaka. Akamwamkia mama yake kwa heshima zote. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mkewe aliyekuwa anamenya vitunguu. Mama Bonge akamwambia achague, asubiri chakula sebuleni au ashike kisu. Fundi hakushika kisu wala hakwenda sebuleni, maana alikuwa na habari ya kusimulia.

Wote wawili walikuwa waandishi wa programu katika kampuni moja, iliyotengeneza programu za zahanati: za kupanga foleni ya wagonjwa, za kutoa risiti, za kujua dawa gani zimebaki kabatini. Mama Bonge ndiye aliyetangulia kuajiriwa pale, na ndiye aliyempeleka mumewe wakati ule anazunguka mjini na vyeti ndani ya bahasha. Tangu ajifungue alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Na tangu Bonge aimwagie maziwa kompyuta yake ikafa, alikuwa anatumia laptopu ya mumewe, kwa kuwa Fundi ofisini alikuwa na kompyuta kubwa ya mezani. Nyumba nyingi zinaishi hivyo, pasi moja, mwavuli mmoja, kompyuta moja.

Kazi ya ofisi nzima ilikaa mahali pamoja, kwenye ghala. Si ghala la mabati, ni hifadhi iliyo ndani ya mashine. Mwandishi akimaliza kipande cha kazi hukifunga kama furushi, akalituma, nalo ghala likalipokea na kukumbuka. Sasa kulabu ni programu ndogo unayoitundika pale mlangoni. Furushi likifika, kulabu inashtuka na kufanya ulichoiagiza: kulikagua, kulirudisha, au kupeleka habari juu. Zipo kulabu za kawaida zinazokuja na ghala lenyewe. Hii Fundi aliibuni mwenyewe, kwa agizo la Mkubwa.

Mkubwa ni jina ambalo wafanyakazi walimpa mwenye kampuni, naye alilijua na halikumuudhi. Alikuwa amemwagiza Fundi mambo mawili. La kwanza, kulabu ihesabu kila mtu analeta kazi kiasi gani. La pili, wale watakaoondolewa, mlango uwakatae palepale bila mtu kuhitaji kuwaambia. Biashara ilikuwa imesinyaa, waandishi walikuwa wengi, na Mkubwa hakutaka kusemwa kwamba anapendelea. "Mashine iseme, mimi ninyamaze," ndivyo alivyomwambia, na Fundi aliyarudia maneno hayo jikoni kwa fahari ya mtu aliyekabidhiwa nyumba ya kulinda.

Mama Bonge aliuliza wangapi wataondolewa. Fundi akasema hilo si lake, yeye kazi yake ni kulabu. Kisha akamsomea ujumbe ambao mtu atauona kwenye kioo cha kompyuta akikataliwa: Pole, ndugu. Mlango huu haukujui. Mama Bonge alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema mbona unamwacha mtu njiani, mwonyeshe basi pa kwenda, ongeza hapo mbele, Kamuulize aliyekuleta. Wakacheka wote wawili, na Bibi, mama yake Fundi, naye akacheka kule sebuleni bila kujua kinachochekwa. Kesho yake asubuhi Fundi aliyaongeza maneno ya mkewe kabla hata hajanywa chai.

Kulabu alipoijaribu kwa kazi za miezi iliyopita, jina lake mwenyewe lilitokea juu kabisa, limewapita wenzake wote. Alishangaa kidogo, halafu akafurahi. Kumbe najituma hivi, alijisemea. Hakwenda mbali zaidi ya hapo, na wala si yeye peke yake, maana mtu akipimwa akakutwa mrefu haombi rula ikaguliwe.

* * *

Ijumaa mchana Mama Bonge alifunga furushi la sehemu ya dawa, kazi aliyoianza yeye tangu mstari wa kwanza. Bonge alikuwa amemlalia mapajani, mdomo wazi, mate yanamlowesha kanga. Alituma furushi kwa kidole kimoja ili asimwamshe. Kioo kikamjibu: Pole, ndugu. Mlango huu haukujui. Kamuulize aliyekuleta.

Alitabasamu. Alidhani mumewe yuko katika kujaribu mambo yake na amemchokoza makusudi. Akatuma tena, akajibiwa vilevile. Akampigia Fundi simu, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga nyingine, nayo hivyo hivyo. Ndipo tabasamu lilipomwondoka, na akabaki anayatazama maneno yale, nusu ya mumewe na nusu yake, mtoto akimkoromea mapajani.

Fundi alirudi mapema kuliko kawaida. Alikuwa na bahasha ndani ya koti. Ofisini walikuwa wamegawa barua, wanne waliozipata walizisaini mbele ya karani, na ya tano karani alimpa Fundi mkononi, akisema kwa kuwa mnakaa nyumba moja hakuna haja ya kumsumbua dada wa watu na nauli. Fundi aliipokea. Alisema asante, jambo ambalo lilimrudia baadaye mara nyingi. Sasa aliiweka mezani karibu na bakuli la mtoto, akakaa, akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau mguuni.

Barua ilisema kwamba kwa robo nzima ya mwaka mhusika hakuleta ghalani kazi yoyote. Si kidogo. Yoyote. Mama Bonge aliisoma akiwa amesimama, akarudia, akaisoma kwa sauti kana kwamba masikio yatakuta kitu ambacho macho yamekosa.

Bibi alisikia. Bibi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu aliyekaa ndani ya nyumba ile kutwa nzima akimlea mjukuu, akimwona mkwewe ameinamia kioo, haoshi, hafagii, ukimsemesha anainua kidole usubiri. Alikuwa amelivumilia hilo kwa sababu aliambiwa ni kazi. Sasa akauliza, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliouma, kwamba kama si kazi, kumbe mchana kutwa mwenzetu ulikuwa unaangalia nini.

Mama Bonge aliivuta laptopu, akamwambia mumewe afungue ile kulabu, aisome. Fundi akasema ni ya ofisi, si ruhusa. Mkewe akamtazama tu. Fundi akafungua.

Haikumchukua Mama Bonge muda. Alikuwa mwandishi mzuri, na mwandishi mzuri husoma kazi ya mwenzake kama mpishi anavyoonja mchuzi wa jirani, akajua kilichosahaulika. Kila furushi linaloingia ghalani lina alama mbili. Kuna ufunguo, ambao ni wa mtumaji mwenyewe, na huo Mama Bonge alikuwa nao wake. Halafu kuna muhuri wa jina, ambao kompyuta huupiga yenyewe, jina ulilolijaza siku ile ya kwanza ulipoitoa kwenye boksi na hukulitazama tena. Laptopu ilikuwa ya Fundi. Basi kila alichokiandika Mama Bonge tangu maziwa yale yamwagike kilifika ghalani kwa ufunguo wake na muhuri wa mumewe. Zamani haikuwa neno, kwa sababu watu walisomana kazi na kila mmoja aliujua mwandiko wa mwenzake.

"Umehesabu muhuri," Mama Bonge alisema.

Fundi alisogea, akasoma, akasoma tena. Mkewe akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa pa kukataa watu umeangalia ufunguo, ukaangalia na muhuri, vyote viwili, asipite mtu. Hapa pa kuhesabu umeangalia muhuri peke yake."

"Ilikuwa rahisi zaidi," Fundi alisema. "Mkubwa alikuwa na haraka."

"Kwa hiyo kazi yangu yote imekuwa yako."

Fundi alishika kichwa. Aliomba radhi, akaapa kwa mtoto, akasema Jumatatu ataingia kwa Mkubwa kabla ya mtu yeyote na kulinyoosha jambo, ni kosa la mistari miwili, litasahihishwa na barua itarudi ilikotoka. Hapa lazima tumtendee haki, alikuwa anamaanisha. Mama Bonge alimwamini, hata akampasha maji ya kuoga. Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakutuambia kwamba wapo wanaotangulia kumsukumia mke.

* * *

Tatizo ni kwamba kati ya Ijumaa na Jumatatu ipo Jumapili, na Jumapili Fundi alipata nafasi ya kuwa peke yake na kulabu. Aliisahihisha nakala iliyokuwa kwenye laptopu, bila kuipeleka ghalani, ihesabu ufunguo badala ya muhuri. Akaijaribu kwa miezi ileile. Jina la mkewe likapanda pale juu lilipokuwa lake. Lake likashuka, likashuka, likasimama chini ya mmoja wa wale waliopewa barua. Alifunga laptopu taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, na siku ile hakula vizuri.

Jumatatu aliingia wa kwanza kama alivyoahidi. Mkubwa alimkaribisha kiti, akaagiza chai, na kabla Fundi hajatafuta pa kuanzia, akamwambia kwamba amemteua kuwa mkuu wa waandishi wote. Alisema hakuteua yeye, mashine imeteua. Akacheka kwa hilo. Kisha akaacha kucheka, akaegemea mbele, na sauti yake ikawa ya mtu mzima anayemjali mwenzake.

"Kuhusu mkeo, najua ni uchungu. Kuna la kusahihisha kwenye ile hesabu? Niambie sasa. Barua naweza kuirudisha."

Ukweli ni kwamba mlango ulikuwa wazi kuliko Fundi alivyotegemea. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa kubembeleza, hata kwa kufukuzwa ofisini. Hakujiandaa kwa swali la kistaarabu ambalo jibu lake ni kusema, kazi ile si yangu. Aliitazama chai. Aliwaza kodi, aliwaza mama yake, akamwaza mtoto, mambo yote ambayo mwoga huyawaza ili asijiwaze yeye.

"Hakuna, Mkubwa," alisema.

Nyumbani alieleza kwamba amejaribu sana, ameongea mpaka koo limekauka, lakini Mkubwa amekataa katakata, anasema barua ikishatoka haijirudii. Mama Bonge aliuliza kama amemwonyesha ile mistari miwili. Amemwonyesha. Na kasemaje? Kasema yaliyopita yamepita. Ndipo Fundi akataja cheo kipya, akikitaja kama pole waliyopewa wote wawili. Bibi akainua mikono akamshukuru Mungu kwamba angalau mkate mmoja umebaki mezani, na umebaki kwa mwanaume, inavyostahili. Mama Bonge akampongeza mumewe, akaenda kuanua nguo.

* * *

Binti wa kazi, aliyekuwa anawafulia na kuwapikia, aliondolewa wiki hiyohiyo ili kupunguza matumizi. Mama Bonge alifua, alipika, alipangusa, na Bibi alianza kumrekebisha namna ya kupangusa. Hayo aliyaweza. Alichoshindwa kukizoea ni kusimama mlangoni asubuhi kuomba. Alikuwa hajawahi kumwomba mtu hela ya nepi tangu azae. Sasa aliomba, na Fundi, ambaye hakuwa bahili kwa asili, alikuwa anauliza za juzi zimeisha? Alikuwa anauliza huku anafunga saa mkononi, bila ubaya, kama mkuu wa waandishi anavyomuuliza mwandishi. Siku moja Mama Bonge alikatakata kanga kuukuu akaitumia, kuliko kujibu swali hilo. Bibi aliona, akasema ndivyo walivyolelewa wao na wakakua.

Kulabu, kwa upande wake, iliendelea kuhesabu. Na kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa anaandika nyumbani, jina la mkuu mpya wa waandishi lilianza kuteremka. Mkubwa alilitaja kwa mzaha mara moja. Mara ya pili hakulitaja kwa mzaha. Halafu wakapatikana wateja wakubwa, watu wenye zahanati mji mzima, na walichotaka kukiona kabla hawajasaini ni sehemu ya dawa. Fundi aliifungua, akakaa nayo siku nzima, akatoka hajui pa kushika.

Aliirudisha laptopu mezani pa jikoni. Alisema Mama Bonge nisaidie kidogo, hiki kitu wewe ndiye unayekijua. Alisema ni kwa ajili ya nyumba. Mama Bonge alikausha mikono. Alikubali kwa sababu ya kodi, kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu, hebu tuseme kweli, alikuwa ameimisi kazi ile kama mkulima anavyolimisi shamba lake hata likishauzwa. Basi akawa anaandika kwa ufunguo wa mumewe na muhuri wa mumewe, sufuria ikichemka pembeni, na jioni Fundi alikuwa akifika anauliza, tumefika wapi? Jina lake likaanza kupanda tena. Bibi alisikika akimwambia jirani dirishani kwamba mwanawe anajituma mpaka nyumbani, maskini, na mkewe anamsaidia kuandika andika.

Hivyo ndivyo wangeendelea mpaka leo, kama si kiti.

* * *

Kilikuwa kiti cha ofisi, cha kuzunguka, chenye magurudumu matano. Kampuni ilimwazima Mama Bonge alipoanza kufanyia kazi nyumbani. Karani alipiga simu kukidai, kwa sauti ya kusoma karatasi, yeye aliyewahi kumshikia Mama Bonge kichwa akitapika wakati wa mimba. Fundi alisema atakipeleka kesho. Akasema hivyo na kesho yake. Mama Bonge akaona aibu ya kudaiwa kiti imezidi uzito wa kiti chenyewe, akamwachia Bibi mtoto, akatoka nacho.

Teksi hakuwa na hela yake. Alikisukuma. Kwenye lami kilikwenda vizuri, kwenye kokoto gurudumu moja lilikuwa linakwama na kiti kinageuka kumtazama. Wanaume waliokaa nje ya kinyozi walimuuliza anauza bei gani. Mmoja akasema kama kinauzwa pamoja na mwenyewe, ananunua. Alipofika getini blauzi ilikuwa imemganda mgongoni, na mlinzi, aliyezoea kumfungulia, akamwomba asubiri nje kwanza aulize.

Mkubwa mwenyewe ndiye aliyetoka. Aliaibika kumwona na kiti, akakipokea kwa mikono yake, akaagiza aletewe maji na cheti chake cha utumishi, na walipokuwa wanasubiri cheti akaona amfariji. Alisema hakupenda yale yaliyotokea. Alisema alimheshimu sana mumewe kwa namna alivyolichukua.

"Nilimuuliza, Jumatatu ileile, kuna la kusahihisha? Nikamwambia barua naweza kuirudisha. Mwingine angenidanganya amwokoe mkewe. Yeye akasema hakuna. Watu wa kweli kama yule ni wachache."

Mama Bonge alikunywa maji yote. Aliuliza kama kweli alimwambia barua inaweza kurudi. Mkubwa akasema ndiyo, na akaona uso wa yule mama, akadhani ni joto, akaagiza maji mengine. Angeweza kusema palepale. Lakini kusema nini, na kwa ushahidi upi, mwanamke aliyefukuzwa akimsema mumewe aliyepandishwa cheo, kwa jambo ambalo mashine imeshasema na mume amethibitisha? Alisaini cheti, akashukuru, akarudi kwa miguu. Njiani wale wa kinyozi walimuuliza kiti kimeuzwa? Akawaambia kimeuzwa.

Nyumbani hakupiga kelele. Alimnyonyesha mtoto, akaweka chakula jikoni, akafungua laptopu. Kulabu si lazima itundikwe mlangoni mwa ghala, unaweza kuitundika hata ndani ya kompyuta yako, ishtuke kila furushi linapofungwa. Alitundika moja, fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Kila furushi litakalofungwa humu, na yeyote, lipigwe muhuri wa aliyeliandika. Na akajaza jina lake lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa. Kisha akamalizia kazi ya dawa, akaimaliza vizuri, hakuiharibu hata mstari mmoja, akaiacha bila kufunga.

Fundi alipofika akauliza tumefika wapi. Akamwambia imekwisha, kilichobaki ni kufunga furushi na kutuma, akalifunge mwenyewe mbele ya wale wageni wa zahanati, itapendeza. Fundi alimbusu kwenye paji la uso.

* * *

Wageni walikuwa watatu, wamevaa vizuri. Mkubwa aliwaketisha kwenye chumba cha mikutano, na kioo cha laptopu ya Fundi kikaonyeshwa ukutani, kikubwa kama shuka la kitanda. Waliipenda sehemu ya dawa. Mama mmoja mwenye miwani, anayesimamia zahanati, alisema hii imeandikwa na mtu anayejua dawa huisha vipi siku za mvua. Mkubwa akamwonyesha Fundi kwa kiganja. Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema sasa nafunga, naituma ghalani, na kuanzia hapo ni mali yenu.

Akafunga. Akatuma. Ukuta ukaandika:

Pole, ndugu. Mlango huu haukujui. Kamuulize aliyekuleta.

Na chini yake, kama alivyoipanga yeye mwenyewe, kulabu ikataja muhuri uliokataliwa, jina kamili la mkewe.

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni sehemu ya maonyesho. Fundi angeweza kurekebisha. Ilikuwa kazi ndogo, kuiondoa ile kulabu ya nyumbani na kufunga upya, asingechukua hata muda wa kumimina chai. Lakini mikono ilikuwa imekaa juu ya vibonye haisogei, na jina lilikuwa ukutani, na Mkubwa alikuwa amelisoma.

"Kazi hii kaandika nani?" Mkubwa aliuliza.

Fundi aliendelea kuutazama ukuta.

"Fundi. Nani?"

"Mke wangu," alisema.

"Hii ya dawa?"

"Hii. Na ya miezi ile yote."

Mkubwa aliwaomba wageni wapite chumba cha pili wakapate chai. Walipotoka aliufunga mlango, akasimama anautazama ukuta. Fundi alingojea matusi, angeyapokea kwa shukrani. Mkubwa alisema neno moja tu.

"Nilikuuliza."

* * *

Fundi alirudi kabla ya adhuhuri, laptopu kwapani, kitambulisho hana. Bibi alielewa nusu yake na ile nusu ilimtosha. Aliweka mikono kichwani, akasema huyu mwanamke amemmaliza mwanangu, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akasema yote yanayosemwa. Mama Bonge alikuwa anamlisha mtoto. Hakuacha kulisha.

Fundi alikaa mbele yake kwenye kigoda. Hakumlaumu. Huenda ingekuwa nafuu angemlaumu.

"Nimemwambia," alisema. "Nimesema ni wewe."

"Lini?"

"Leo."

"Leo," Mama Bonge alirudia, akamfuta mtoto kidevu.

Simu yake ikaita mezani, kati ya bakuli na taulo. Alikuwa Mkubwa. Hakuomba radhi moja kwa moja, alizungukazunguka, akafika kwenye wageni. Wageni bado wanaitaka ile kazi. Aliuliza kama anaweza kuja, kwanza kwa malipo ya kibarua, mambo ya barua na ajira wangeyaangalia wageni wakishasaini. Mama Bonge alisema atakuja, ila wampe kompyuta ya kwao, na muhuri aujaze yeye.

Fundi alikuwa amesimama. Alimchukua Bonge mikononi ili mkewe aongee kwa nafasi, na alipoona mazungumzo yanaelekea mwisho alianza kumwashiria, kwanza kwa macho, halafu kwa mdomo bila sauti. Neno moja tu. Mwombee neno moja. Wewe ndiye uliyenipeleka pale. Bibi naye alishusha mikono kutoka kichwani.

Kwenye simu Mkubwa alikuwa ameteremsha sauti. Alisema amemwondoa mumewe, nadhani unajua. Alisema hapendi kuhukumu mtu kwa hasira ya siku moja, na safari hii anataka kusikia kwa mtu, si kwa mashine. Kabla hajaiandika hiyo barua, je, kuna la kusahihisha?

Mama Bonge alimtazama mumewe aliyembeba mtoto wake, midomo bado inacheza. Alimtazama kwa muda, si kwa chuki, zaidi kama mtu anayesoma kazi ya mwenzake akitafuta mahali pa kuitetea.

"Hakuna, Mkubwa," alisema.

Akakata simu, akainuka, akachukua bakuli la mtoto kwenda kuliosha.